Mwanza panga peke yako, Ujerumani kaa na watu

Mdogo wangu wa Buhongwa kapata nafasi ya kusoma huku Würzburg. Swali lake la kwanza halikuhusu baridi wala Kijerumani: "Kaka, nitafute chumba changu au nikae na watu?" Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu 1966, ila kwenye kupanga nyumba huo udada siuoni.

Mwanza nilikaa peke yangu, chumba kimoja Mabatini, kule juu kwenye mawe. Nasema peke yangu kwa sababu kodi ya miezi sita nililipa mwenyewe kwa mkupuo, na dalali akachukua chake. Siku moja nimetoka zamu ya usiku, nikalala mpaka saa nne asubuhi. Mlango ukagongwa. Ni mama wa chumba cha tatu, mikono bado ina unga wa muhogo: "Baba, kwema? Mbona hujafungua tangu asubuhi?" Alikuwa ameshampigia na mwenye nyumba.

Nilinuna. Na ni huyo huyo tuliyekuwa tunagombana naye kuhusu LUKU: mita moja, vyumba sita, friji analo yeye, uniti tunachanga sawa kwa sawa. Umeme ukiisha usiku kila mtu anajifanya kalala, mpaka aliyeshindwa na joto anunue na kuingiza zile tarakimu ishirini gizani.

Kwa hiyo huku nikataka kupumzika mbali na watu. Nikalipa dhamana ya kodi ya miezi mitatu (sheria yao hairuhusu zaidi ya hapo), nikafunga mlango wangu. Hakuna aliyegonga. Miezi minane, jirani wa mlango wa pili nilimjua kwa jina lililoandikwa kwenye kengele tu. Novemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na unagundua maneno uliyosema siku nzima ni yale ya kwa muuza mkate.

Sasa tuko wanne nyumba moja. Hela ni sehemu ndogo ya sababu, ingawa ipo: ada ya redio na televisheni ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Wanne tunalipa 4.59 kila mmoja. Kero zipo pia. Ratiba ya usafi imebandikwa kwenye friji, na mtu anakuandikia ujumbe kuhusu nywele bafuni ilhali yuko chumba cha pili. Nilipokaanga dagaa, Januari, mmoja alifungua madirisha yote, akavaa koti, akauliza kwa upole kama ndivyo wanavyonukia au wameharibika. Kisha akala.

Nyumbani uwani unapewa watu bure, hivyo unachonunua ni ukuta. Huku ukuta umejaa tele. Watu ndio unawalipia kodi. Mdogo wangu akirudi Mwanza apange peke yake. Huku aje akae nasi, maana chumba kimoja kitakuwa wazi Septemba.

Tatizo ni kwamba wenzangu wawili wanaobaki wanataka kumhoji kwanza kwa video, anapika nini, analala saa ngapi, kama vile anaomba kazi. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Hata kwa kaka yangu?"