Dakika tisa za NORAD, na maelezo yaliyokuja baadaye

Saa 2:37 asubuhi ya Septemba 11, 2001, waongoza ndege wa Boston walipiga simu jeshini: ndege ya American Airlines namba 11 imetekwa, tunaomba ndege za kivita. Askari aliyepokea alitaka kwanza kujua kama jambo hilo ni la kweli au ni zoezi. Saa 2:46 ndege ikaupiga mnara wa kaskazini wa World Trade Center, New York. Kati ya ndege nne zilizotekwa siku ile, hakuna nyingine ambayo jeshi lilipata kuarifiwa mapema kiasi hicho.

Wanaowatetea waliokuwa zamu wana hoja nzito. NORAD, kamandi ya ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada, iliundwa enzi za Vita Baridi kumngoja adui anayetoka nje. Mwaka 2001 bara zima la Marekani lilikuwa na ndege za kivita 14 tu za zamu, katika vituo 7. Katika ndege tatu watekaji walizima transponda, chombo kinachoijulisha rada hii ni ndege gani na iko juu kiasi gani, kwa hiyo askari walikuwa wakitafuta nukta isiyo na jina katikati ya maelfu. Tena taratibu zote zilitungwa kwa ajili ya mtekaji anayetaka kutua na kudai jambo, si anayetaka kufa. Sisi leo tuna ramani ambayo njia za ndege zote nne zimekwisha chorwa. Kumhukumu askari wa rada kwa ramani hiyo ni kumdhulumu.

Lakini utetezi huu una mpaka wake, na wengi huuvuka wanaposema hakuna aliyeweza kulifikiria jambo kama hili. Mwaka 1994 watekaji wa ndege ya Air France kutoka Algiers walishukiwa kutaka kuiangusha Paris. Al-Qaeda, kundi lililofanya mashambulizi ya Septemba 11, nao walikuwa wameshaua zaidi ya watu 200 Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998.

Hata tukiyaweka hayo kando, kuna saa 3:49 asubuhi. Minara yote miwili ilikuwa inawaka, Pentagon ilikuwa imeshapigwa, na makao makuu ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, yalikuwa na taarifa kwa robo saa kwamba United 93, ndege ya nne, imetekwa. Kituo chao cha uongozaji kikauliza: tuombe ndege za kivita? Hakuna aliyetoa uamuzi. Ndege ilianguka Pennsylvania saa 4:03. Saa 4:07 ndipo jeshi likaambiwa kuwa imetekwa. Hapa lawama haihitaji ujuzi wa baadaye, kwa sababu yaliyotakiwa kujulikana yalikuwa yameshajulikana.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Mei 2003 maofisa wa NORAD waliiambia tume ya uchunguzi, chini ya Thomas Kean, kwamba walipata taarifa ya kutekwa kwa United 93 saa 3:16. Saa hiyo ndege ilikuwa bado mikononi mwa rubani wake. Ilitekwa saa 3:28. Kanda za sauti za siku ile zilikuwepo muda wote, na tume ililazimika kutumia amri ya kisheria kuzipata. Baadaye mkaguzi wa Wizara ya Ulinzi alisema makosa hayo yalitokana na uwekaji mbovu wa kumbukumbu, si nia ya kudanganya. Inawezekana. Lakini aliyekuwa na dakika tisa na aliyekuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kusikiliza kanda zake hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja, na huyu wa pili sioni sababu ya kumsamehe kirahisi.

Maelezo yale yalifanya ionekane kwamba jeshi liliifuatilia United 93 na lingeitungua kabla haijafika Washington. Aliyeizuia si jeshi. Ni abiria waliopigiana simu na ndugu zao, wakajua kilichotokea New York, wakaamua kuvamia chumba cha rubani.