Platini au boksi la kielektroniki kwenye Bonneville ya zamani?

Ukiwa na pikipiki ya Triumph Bonneville T120 ya miaka ya 1960, ile ya kutoka Meriden, Uingereza, kuna siku utachoka. Asubuhi inagoma, njiani inapiga mabomu kwenye ekzosi, na kila unayemuuliza anakuambia utoe platini, yaani swichi ndogo ya chuma inayokata umeme ili plagi itoe cheche, ufunge boksi la kielektroniki linalofanya kazi hiyo hiyo. Ushauri wenyewe si mbaya, ila hutolewa haraka mno.

Fungua kile kifuniko cha duara upande wa kulia wa injini. Tangu magneto, kifaa kilichozalisha umeme wa cheche bila betri, ilipoondolewa mwaka 1963, ndani yake mna seti mbili za platini, kila moja na silinda yake. Mwanya wake ni milimita 0.38. Kisigino cha platini kinachosugua kemu, yaani kinundu kinachozunguka na kuifungua, kikilika, mwanya unapungua na cheche inachelewa. Modeli za kabla ya 1968 zinasumbua zaidi: seti zote mbili zimekaa kwenye bamba moja, kwa hiyo ili kuiweka sawa taimingi (wakati wa cheche) ya silinda ya pili fundi hulazimika kuuchezea mwanya wenyewe. Nyuma ya bamba kuna vyuma viwili vyenye springi, vinavyowahisha cheche mwendo ukiongezeka. Springi hizo zikilegea injini haitulii, na platini inalaumiwa bure.

Boksi linamaliza adha hiyo. Sumaku inazunguka pasipo kugusa kitu, taimingi haihami, na injini inaitika kwa kiki moja au mbili. Nimeipenda tofauti hiyo, siwezi kuificha.

Lakini boksi linataka umeme wa kutosha. Betri ikidhoofika, platini bado itajikongoja; baadhi ya maboksi hukata cheche, au huitoa wakati mbaya kiki ikakurudi mguuni. Tena platini ikichafuka utaisugua kwa msasa kando ya barabara ufike nyumbani. Boksi likifa, utasukuma.

Kwa anayeendesha kila wiki, ningefunga boksi, ila si kabla ya kupima chaji. Pikipiki ya volti 12, injini ikiwa kwenye mwendo, isipofika hata volti 13, pesa hiyo iende kwanza kwenye waya, alteneta inayozalisha umeme na rektifaya inayougeuza uweze kuchaji betri. Na bamba la zamani usimpe fundi aondoke nalo. Lifunge pamoja na vyuma vyake kwenye kitambaa chenye mafuta, ulihifadhi.