Saa za Bure Zinahesabiwa, za Mshahara Hazihesabiwi

Juzi binti wa rafiki yangu kanitumia picha ya barua pepe kutoka ofisi ya udahili ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Barua ya adabu tupu. Wamefurahishwa na alama zake, wamelipenda jalada la kazi zake, ila uzoefu wake wa uhifadhi, yaani kutunza na kukarabati kazi za sanaa na nyaraka za kale, anaotaka kuusomea uzamili, "bado haujatosha". Wanamshauri atafute mahali pa kujitolea kwa mwaka mmoja, kisha aombe tena. Chini ya picha binti kaandika mstari mmoja: "Shangazi, mwaka mzima huo nitakula nini?"

Leo siku ya nne na hasira haijanishuka.

Mnaoomba uzamili wa historia ya sanaa pekee, nyie pumueni kidogo. Mtasumbuliwa na Kifaransa na Kijerumani cha kusomea vitabu vya zamani, na ile sampuli ya maandishi mtaichukia kabla hamjaituma. Tafuteni mwalimu anayeshughulikia jambo mnalolitaka, msome alichoandika, muombe kwake. Na nawasihi, insha isianze na "tangu utotoni nilipenda sanaa". Hakuna mtoto asiyechora ukutani.

Uhifadhi una vituko vyake. Tangu enzi za maabara ya jumba la makumbusho la Fogg pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, iliyoanzishwa 1928, fani hii inasimama juu ya mafiga matatu: historia ya sanaa, sayansi na mkono. Mwombaji atakiwa kuwa na yote matatu kabla hajafundishwa lolote. Na milango yenyewe ni michache. Kwa Amerika Kaskazini, programu zinazotajwa kila mara ni za New York University, ambayo kituo chake kilianza 1960, Chuo Kikuu cha Delaware pamoja na jumba la makumbusho la Winterthur, Buffalo, UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) pamoja na taasisi ya sanaa ya Getty, na Chuo Kikuu cha Queen's huko Kanada. Delaware na Buffalo huchukua kama wanafunzi 10 tu kwa mwaka.

Kwenye figa la sayansi, wengi hulia na kemia ogani. Nami nililia, na siitetei kwa furaha. Lakini mimi ni mhifadhi wa karatasi, na karibu kila mwezi hunijia barua iliyoandikwa kwa ule wino wa chuma ambao miaka ikipita hutoa asidi na kuila karatasi, mpaka herufi "o" inadondoka na kuacha tundu. Asiyejua kinachoendelea humo ndani ataloweka barua hiyo kwenye maji kwa nia njema kabisa na kusambaza balaa ukurasa mzima. Kwa hiyo kemia ibaki.

Lisilonipitia kooni ni hizi saa. Programu nyingine hudai mamia ya saa za kazi chini ya mhifadhi aliyehitimu, na hayo ndiyo yaliyoandikwa. Kwa kuwa wanaogombea nafasi 10 ni wengi, anayefika na kiwango cha chini tu huachwa na aliye na mara tatu yake. Je, saa hizo hupatikana wapi? Kwenye majumba ya makumbusho na karakana binafsi ambako kwa miaka mingi kujitolea kumekuwa jina la heshima la kazi isiyolipwa. Mwenye mzazi wa kumlipia kodi hujitolea miaka miwili akatoka na barua tatu nzito za mapendekezo. Asiye naye huambiwa hana ari.

Nilikopitia mimi, miezi mitatu ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kusokota pamba. Unachukua kijiti chembamba, unakigusisha nyuzi za pamba, unakizungusha kwa vidole viwili mpaka ncha ijikaze kama kichwa cha kiberiti. Ikilegea, inaacha nyuzi juu ya rangi. Ikikaza mno, inakwaruza. Ncha hizo huloweshwa kiyeyushi cha kuondolea vanishi, au mate. Ndiyo, mate, yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu, na wataalamu wazima na digrii zao huyatumia. Nilisokota mamia kwa siku, bila senti, na usiku nikaosha vyombo hotelini. Siku moja nilisinzia mezani, paji la uso likiwa sentimita chache juu ya ramani ya karne ya 18. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliisogeza ramani, akaniacha nilale. Nilimshukuru sana wakati ule. Leo namkumbuka nikijiuliza kwa nini wazo la kunilipa halikumjia kabla ya lile la kusogeza ramani.

Lakini pale saa zangu za kusinzia zilihesabiwa. Huyu binti amefanya kazi miaka miwili kwa fundi jalidi, mfunga vitabu, kwa mshahara. Anashona migongo ya vitabu, anapika gundi ya wanga wa ngano isiyo na donge, anautambua mkondo wa nyuzi za karatasi kwa kuipinda kidogo tu. Hayo yote yamewekwa fungu la "kazi za mikono". Uzoefu wa uhifadhi, sifuri! Eti fundi wake hana cheti cha uhifadhi. Mimi niliyepangusa rafu bure nilikuwa na uzoefu, na yeye anayeshona kitabu kikafunguka vizuri hana.

Haya, nakubali kwa shingo upande: mkono usiofundishwa ni hatari. 2012 dunia nzima ilicheka ule mchoro wa Yesu katika kanisa la Borja, Hispania, baada ya mtu mwenye nia njema kuupaka rangi upya. Nakubali pia kwamba baadhi ya programu hizi, ukishaingia, hukulipia ada na kukupa posho. Chakula kipo mezani, kweli. Nawazungumzia waliozirai njiani.

Na msiniambie jambo hili halijulikani. Juni 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Amerika Kaskazini, AAMD, kilipitisha azimio kikiwataka wanachama wawalipe wanaokuja kwa mafunzo ya kazi. Wakurugenzi wenyewe wamesema. Sasa ofisi ya udahili inapata wapi ujasiri wa kuandika "kajitolee mwaka mmoja" kana kwamba inamshauri mtu anywe maji?

Nimemwambia aombe tena, nami nitamwandikia barua ya mapendekezo. Jana usiku kaniuliza: "Shangazi, kwenye fomu ya saa, zile za kushona niziandike?" Nikamjibu aziandike zote, na pembeni aandike alilipwa kiasi gani.