Kopo la pilipili na kikapu cha samaki

Jirani yangu anakaanga samaki Mbagala, Dar es Salaam. Ili apate mzigo mzuri soko la samaki la Feri, saa kumi alfajiri lazima awe kituoni, giza bado nene na pesa ya mtaji kaifunga kwenye pindo la kanga. Kikapuni ana kisu cha kuparulia magamba, mwavuli wenye ncha ya chuma, na kopo la mafuta ya kujipaka alilolijaza pilipili ya unga. Kisu ni cha kazi. Kopo ni la vibaka.

Simlaumu hata kidogo. Anayetaka mama huyu atembee mikono mitupu aje amsindikize.

Sheria nayo haijamtupa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kutetea mali yake. Kifungu cha kadiri ya nguvu ndicho ningependa kila mtu mtaani kwetu akijue: nguvu unayotumia iwe ya kadiri, ile inayohitajika kukuokoa. Ukizidisha, kosa ni lako. Ukizidisha mtu akafa, umeua bila kukusudia, na kifungo chake kinaweza kufika maisha. Kifungu kingine kinamkinga hata aliyeua, pale alipoamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba, kwa mfano, anauawa, anabakwa au anatekwa. Kibaka aliyekwisha kuitupa simu yako na kutimua mbio hayumo humo.

Kuhusu kubeba chenyewe, sheria hiyohiyo inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Ndiyo maana nilimwambia jirani kisu kikae na ndoo na ubao wake, kisihamie kiunoni. Kwenye kikapu cha samaki kila mtu anaona kitendea kazi. Kiunoni, usiku, atakuwa na maelezo marefu ya kumpa askari.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine. Kuna alfajiri kijana mmoja alimvuta kikapu. Mama wa watu akafungua kopo, akammwagia. Kijana akapiga magoti, anajifuta macho kwa fulana, ndala moja mguuni, nyingine katikati ya barabara. Kikapu kilikuwa kimeshamrudia mwenyewe. Ila mama alikuwa amepiga kelele, "Mwizi!", na kabla hajavuta pumzi bodaboda wa kijiweni walishafika. Mmoja ana tofali, mwingine spana.

Aliniambia miguu ilimtetemeka kuliko alipokuwa anaporwa. Akasimama kati yao na yule kijana, akasema, "Basi, wanangu, kikapu ninacho. Mpelekeni kituoni." Tofali moja lilikuwa limeshampata kijana begani. La pili halikurushwa, na kijana alifika polisi akiwa hai.

Sasa pima mwenyewe. Pilipili ilimpa jirani yangu nafasi ya kukimbia, na hiyo ndiyo kazi halali ya kitu cha kujikinga. Neno "mwizi" lingeua. Mtu akishapiga magoti hana macho, hatari imekwisha, na haki ya kujitetea imekwisha nayo. Anayerusha tofali baada ya hapo hamtetei mama yeyote. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo iliyookota tofali. Tofali limeokotwa na mtu mwenye jina, na ndiye sheria inayemwuliza.

Nimehudhuria vikao vya ulinzi shirikishi mtaani kwetu. Tunajadili taa, michango, zamu za usiku. Vifungu hivi sijavisikia vikisomwa hata siku moja. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kwa hiyo kinachohitajika ni karatasi moja tu ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa na nyingine kijiwe cha bodaboda, na mwenyekiti aisome kwa sauti kikao kikianza. Bodaboda ndio wanaofika kwanza. Hao ndio wa kuanza nao, tena kwa heshima, maana wanakuja kusaidia.

Jirani yangu kopo lake bado analo. Ameongeza filimbi shingoni, kwa sababu hataki tena kulitamka lile neno. Jana alfajiri nilimsikia akiijaribu mlangoni, mara mbili, kisha ndala zake zikashika njia ya kituoni.