Moyo ukigoma, nani amwambie mchezaji basi?

Tarehe 17 Machi 2012, kabla ya mapumziko ya robo fainali ya Kombe la FA kati ya Tottenham na Bolton, Fabrice Muamba alianguka Uwanja wa White Hart Lane bila kuguswa na mtu. Moyo wa kiungo huyo mzaliwa wa Kinshasa haukudunda wenyewe kwa dakika 78, na alishtuliwa kwa umeme mara 15. Alipona. Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, akatundika daluga kwa ushauri wa madaktari.

Kiungo wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka vilevile Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021, Denmark ikicheza na Finland. Alipandikizwa kifaa cha kushtua moyo. Italia haikumruhusu kucheza nacho, mkataba wake na Inter, klabu ya huko, ukavunjwa kwa makubaliano mwezi Desemba, na tarehe 26 Februari 2022 alikuwa uwanjani na Brentford ya Uingereza. Moyo ni uleule, kifaa ni kilekile. Kilichobadilika ni nchi.

Italia ina sababu zake. Tangu 1982 kila mwanamichezo wa mashindano huko hupimwa afya, ikiwemo kipimo cha ECG kinachosoma umeme wa moyo, na bila saini ya daktari hachezi. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mnamo 1979 hadi 0.4 mnamo 2004. Takwimu hizo si za kupuuzwa. Ila zinahusu zaidi kugundua ugonjwa ambao mtu hakuujua. Hazituambii kitu kuhusu mchezaji ambaye ugonjwa wake unajulikana na kifaa tayari kiko kifuani.

Tena kipimo hakioni kila kitu. Uingereza iliwapima vijana 11,168 wa soka kati ya 1996 na 2016. Waliokutwa na hitilafu za hatari za moyo walikuwa 42. Baadaye vijana 8 walifariki kwa ugonjwa wa moyo, na 6 kati yao walikuwa wamepimwa wakaonekana wazima.

Kifaa chenyewe kinakaa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake unasoma mapigo ya moyo muda wote. Mapigo yakivuka kiwango alichopanga daktari, kinatoa mshtuko. Kiwango hicho lazima kiwe juu ya mapigo ya mchezaji anapokimbia kwa nguvu zote, la sivyo atapigwa shoti akiwa mzima. Kiwiko cha beki kinaweza kukiumiza, na waya unaweza kukatika kwa kurusha mkono mara kwa mara. Hata hivyo, katika utafiti wa wanamichezo 372 wenye kifaa hiki, 37 walishtuliwa wakiwa mazoezini au mashindanoni na hakuna aliyefia mchezoni.

Lakini kuna Raphael Dwamena wa Ghana. Alipandikizwa kifaa, baadaye kikatolewa, akaendelea kucheza. Tarehe 11 Novemba 2023 alianguka akiichezea Egnatia nchini Albania, akafariki akiwa na miaka 28. Wanaosema mwili ni wa mchezaji, basi aamue mwenyewe, wanapaswa kumjibu Dwamena kwanza. Kijana anayelisha ukoo mzima kwa miguu yake hachagui kwa uhuru tunaoudhania.

Kwa maoni yetu, jina la ugonjwa ndilo liamue kwanza. Yapo magonjwa ya misuli ya moyo ambayo mazoezi makali yenyewe huyazidisha. Hapo kifaa kinazuia kifo cha leo huku misuli ikiendelea kuharibika, na Italia iko sahihi kabisa. Pale ambapo uchunguzi haukuti ugonjwa wa namna hiyo, kumfungia mchezaji maisha ni kupita kiasi. Uamuzi utolewe na bingwa wa moyo asiyelipwa na klabu, na mashine ya kushtua moyo iwepo kando ya uwanja hata siku za mazoezi, kwa sababu kila dakika inayopita bila mshtuko inapunguza nafasi ya kupona.

Na anayezuiwa alipwe mkataba wake hadi mwisho. Mchezaji anayejua kwamba mshahara utakatika siku atakayosema moyo unamwenda mbio hatasema, na daktari wa klabu ataendelea kutibu misuli ya paja.