Amani ya Bagamoyo: nani anamsemea nani?

Ramadhani ikikaribia, au Krismasi, au uchaguzi, Bagamoyo huwa na kikao ambacho mkazi yeyote anaweza kukueleza kilivyokuwa hata kama hakuhudhuria. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, chupa za maji zimepangwa, shehe wa wilaya amekaa karibu na paroko, wachungaji wa makanisa mengine wako pembeni kidogo, na katikati yupo mtu wa serikali. Inasomwa dua, inafuata sala, halafu tamko: wananchi tudumishe amani. Nimewahi kuombwa kuandika muhtasari wa vikao viwili vya namna hiyo. Juzi nimeisoma tena. Neno amani limo karibu katika kila aya. Neno haki nimelitafuta sana.

Kamati za amani za viongozi wa dini zipo katika mikoa na wilaya, na kitaifa kuna vyombo kama Jumuiya ya Maridhiano na Amani Tanzania, JMAT. Kwenye vibaraza vya Dunda na Magomeni watu wamegawanyika juu yake. Wapo wanaoapa kwamba bila wazee hawa tungekwisha umizana zamani. Wapo wanaosema kamati ni sauti ya ofisi ya wilaya iliyovalishwa kanzu na joho. Mjadala huu umekuwa mzito zaidi tangu uchaguzi wa Oktoba 2025, maandamano, vifo na siku zile intaneti ilipozimwa, kwa sababu swali la kipi kitangulie kati ya amani na haki lilihama kutoka kwenye makaratasi ya semina likapanda mimbarini.

Nianze na wanaozitetea, maana wana kumbukumbu ya mambo mazito. Oktoba 2012 pale Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Msahafu uliishia kwa makanisa kuchomwa. Novemba mwaka huohuo, Zanzibar, Shehe Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Februari 2013 aliuawa Padri Evarist Mushi, hukohuko Zanzibar, na mwezi huohuo kule Buseresere, Geita, mabishano ya nani achinje nyama inayouzwa buchani yaligharimu maisha ya mchungaji. Mei likaja bomu la kanisa la Olasiti, Arusha. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule anakumbuka jinsi majirani wa miaka thelathini walivyoanza kusalimiana kwa mkato.

Kazi ya kuzuia mambo ya aina hiyo hufanyika mahali pasipo kamera. Mtaani kwetu kanisa moja dogo liliwahi kufunga spika ikaelekea msikitini, na mkesha wao wa maombi ukagongana na tarawehe. Vijana walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Imamu hakwenda polisi. Alimpigia simu mchungaji, mchungaji akaja na mzee mmoja wa kanisa, wakakaa kwenye baraza ya msikiti wakanywa kahawa. Kesho yake spika iligeuzwa na saa za mkesha zikasogezwa mbele. Nilimuuliza imamu namba ya mchungaji aliipata wapi. Akaniambia: kwenye kikao cha kamati. Kwa hiyo anayesema vikao vile havina kazi yoyote, mimi namkatalia. Hata chupa za maji na picha ya pamoja zina faida yake ikiwa watu wawili wataondoka na namba ya simu.

Tena mji huu haukuanza jana kukaa hivi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 kuja kuanzisha misheni, walifika katika mji wa Waislamu, chini ya mamlaka ya Sultani Majid. Wakakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakajenga kile kijiji cha waliokombolewa ambacho watalii huonyeshwa hadi leo. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kana kwamba uhuru Bagamoyo uliletwa na upande mmoja tu. Lakini katika mji huuhuu aliletwa mtoto mwingine mtumwa, kutoka pande za Kongo, akanunuliwa na liwali. Mtoto yule alisoma, akawa Shehe Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya, khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, ambaye wanafunzi walimfuata kutoka mbali mpaka alipofariki mwaka 1931. Mwanawe, Shehe Muhammad Ramiya, alikuja kuwa mstari wa mbele wa TANU hapa. Ukitaka kujua heshima ya binadamu inadaiwaje na Muislamu na Mkristo katika mji mmoja, huna haja ya kwenda semina. Tembea kutoka misheni hadi msikitini kwa Ramiya. Nami nisifiche kwamba waliokombolewa misheni waliishi kwa kengele na kulima mashamba ya misheni, wala nyumba za waungwana Waislamu hazikuwa na haraka ya kuacha utumwa. Pande zote mbili zina deni katika habari hii.

Wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, 1888 na 1889, misheni iligeuka kimbilio la watu waliokimbia mapigano. Wamisionari wa Pugu walipotekwa, mapadri wa Bagamoyo ndio walioingia kati hadi mateka wakakombolewa. Abushiri aliweza kuzungumza nao ingawa alikuwa akipigana na Wazungu. Kilichowapa nafasi hiyo ni ukaribu na watu wa pwani uliojengwa kwa miaka ishirini. Hii ndiyo nguvu ya mtu wa dini anayeaminika: hupita pale askari asipoweza kupita.

Lakini vita vile viliishaje? Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Hapa kwetu, karibu na ufuko, upo mnara unaoonyesha mahali Wajerumani walikonyonga watu. Baada ya kamba zile mji ulitulia. Biashara ilirudi, kodi ikakusanywa, na afisa wa Kijerumani angeweza kabisa kuandika kwao kwamba pwani ina amani. Kila ninaposikia tamko linalosifu utulivu wetu bila kusema chochote kingine, nauona mnara ule. Kiswahili chetu kina maneno mawili, utulivu na amani, na wakosoaji wa kamati wanachosema ni kwamba tumekabidhiwa la kwanza tukaambiwa ni la pili.

Hoja yao hawaitoi hewani. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, kesi haisikilizwi ikaisha, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, alipoyafuta. Katika miaka hiyo kila Ijumaa ulikuwa ukisikia dua kwa ajili yao. Jumapili, katika makanisa niliyokuwa nikipita jirani, mimi binafsi sikusikia. Usiku wa tarehe 30 Aprili 2025 Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alishambuliwa na kujeruhiwa Kurasini. Safari hii sala zilikuwa za Jumapili, na kwenye kibaraza nilichokaa swali la kwanza lilikuwa alisema nini kuhusu siasa, kabla hata ya kuuliza hali yake.

Hapo ndipo kilipo kipimo ambacho nadhani tumekisahau. Muislamu kumtetea Muislamu ni jambo la kawaida, na Mkristo kumlilia padri wake hakumshangazi mtu. Watu wa dini mbalimbali wanapokaa meza moja, kitu pekee wanachoweza kutoa ambacho msikiti peke yake au kanisa peke yake haliwezi, ni ushahidi kwa ajili ya asiye wao. Paroko aseme: miaka saba au minane mahabusu bila hukumu ni dhulma, awe amefungwa shehe au mvuvi. Shehe aseme: aliyempiga padri yule ametupiga sisi. Sura ya Annisaa inawaamuru waumini wasimamie haki hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Isaya anasema kazi ya haki itakuwa amani, haki ikitangulia na amani ikifuata. Vitabu vyote viwili vipo mezani siku ya kikao. Vinafunguliwa kwa ajili ya dua na sala, kisha vinafungwa kabla ya ajenda.

Mtetezi wa kamati atanijibu, na jibu lake nimelisikia kwa mzee ninayemheshimu sana. Alisema: "Wewe mwanangu unaandika, kesho unalala. Mimi usiku wa manane napigiwa simu kwamba kijana wa fulani amekamatwa. Nikishamsema mkuu wa wilaya hadharani, nani atanifungulia mlango nikamtoe?" Si hoja ya kudharau. Yapo mambo mengi yaliyomalizwa kwa maneno ya chini chini ambayo tamko kali lingeyaharibu. Kijana aliyerudi nyumbani alfajiri hajali kama kamati ilipiga kelele. Ila hesabu ya mzee ina kasoro moja: anayetolewa kwa simu ni yule ambaye familia yake inamjua mzee. Asiyejulikana, mgeni aliyekuja kuvua au kuchunga, anabaki ndani. Hisani humfikia mwenye jamaa, na haki ilitakiwa imfikie hata asiye na mtu.

Kwamba viongozi wa dini wanaweza kudai haki pamoja, na kwa sauti, hilo limeshaonekana. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu, wakaonyesha jinsi nchi ilivyokuwa ikiambulia kidogo kutokana na migodi yake. Walikwenda wenyewe hadi maeneo ya machimbo. Hakuna aliyeweza kusema hii ni chuki ya Waislamu au njama ya Wakristo, kwa sababu majina matatu yalikuwa kwenye karatasi moja. Wapo waliolalamika kwamba fedha za kazi ile zilitoka nje, na lalamiko hilo lina uzito wake, nitalirudia. Linganisha na 2023. Maaskofu Katoliki walitoa tamko lao Agosti mwaka huo kupinga mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai. Walisimama peke yao, na papo hapo mjadala wa rasilimali ukageuka wa udini: maaskofu wanampinga Rais kwa sababu ni Muislamu. Baadhi ya masheikh wakajibu. Hoja za mkataba wenyewe, nzuri au mbaya, zikazama. Mtu wa Bagamoyo, ambaye habari za bandari kubwa ya kujengwa hapa amezisikia tangu makubaliano ya 2013, alihitaji kuelezwa vipengele. Alichopata ni kuulizwa yuko upande gani.

Kuna mahali pagumu kuliko serikali, napo ni ndani ya nyumba zetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilisema 2016 vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Viongozi wa dini hawana kauli moja juu ya hili, na sitegemei waipate kesho. Wapo masheikh wanaoona ni kuingiliwa katika sheria ya dini, na wapo wanaosema kubaleghe peke yake hakutoshi, lazima awe na upeo wa kuongoza maisha yake. Wakristo nao wanapenda kulisema hili kama tatizo la wenzao, huku binti zao wakiacha shule kwa mimba na ndoa za haraka za kufunika aibu. Kamati ikilikwepa kwa sababu litaleta mfarakano, itakuwa imechagua starehe ya wazee dhidi ya binti. Nisemalo mimi ni kwamba wajadili jambo hili hata wakiwa hawajakubaliana, na wamsikilize binti mwenyewe kabla.

Lakini ni nani atakayewafanya wamsikilize? Katika vile vikao viwili nilivyoandikia muhtasari, mwanamke mmoja tu alizungumza, kutoa shukrani. Walimu wa kike wa madrasa hawakuwapo. WAWATA, wanawake Wakatoliki, hawakuwapo, wala masista ambao kutwa nzima wako na wanafunzi na wagonjwa. Hao ndio wanaojua nyumba ipi ina kelele usiku.

Narudi kwenye fedha na mwito. Barua ya kikao ikitoka ofisi ya serikali, pamoja na nauli na posho, ajenda nayo hutoka hukohuko. Ikitoka kwa mfadhili wa nje, ajenda huja na lugha ya mfadhili na huisha mradi unapoisha. Misikiti na parokia za Bagamoyo zinalisha mamia ya watu kwenye maulidi, ziara na sikukuu za somo bila barua ya mtu. Haziwezi kushindwa kununua sukari na kahawa za kikao kimoja kwa mwezi, zamu msikitini, zamu kanisani, mkuu wa wilaya akaribishwe kama mgeni pale anapohitajika. Siombi wamsuse. Naomba wamwite wao.

Wiki iliyopita mzee mmoja wa upande wa Kaole alinisimamisha sokoni. Ana karatasi ya shamba lake la minazi lililopimwa, na mgogoro wake umezungushwa miaka. Alikuwa amesikia kwamba mimi huandika mambo ya viongozi wa dini. Akaniuliza kamati inakaa lini apeleke karatasi yake. Nikamwambia inakaa inapoitwa. Akaikunja mara nne, akairudisha kwenye mfuko wa kanzu, akaniuliza tena, polepole, kama mtu aliyedhani sikumsikia vizuri: "Sasa mwanangu, mimi siwezi kuwaita?"