Fraktali na derivativu ya nusu: ni ndugu au majirani tu?

Chora pembetatu, toa kipande cha katikati, kisha rudia hivyo kwa kila pembetatu inayobaki, bila kikomo. Hiyo ndiyo pembetatu ya Sierpiński, iliyoelezwa mwaka 1915, mfano wa fraktali, yaani umbo linalojirudia ndani yake kila ukilikuza. Sasa ipashe moto kwenye kona moja na uulize joto litasambaa vipi. Kwenye bamba la kawaida ungeandika mlinganyo tofautishi na kuutatua. Hapa mlinganyo huo unakosa pa kukanyaga, kwani derivativu hupima mteremko, na kila ukisogea karibu kuupima unakuta matundu mapya.

Kuna jibu ambalo limewavutia wengi. Dimensheni ya umbo hili si namba kamili, ni takriban 1.585, basi na tutumie derivativu ambayo oda yake, yaani idadi ya mara inavyochukuliwa, si namba kamili. Chombo chenyewe ni cha zamani. Leibniz alijadili derivativu ya oda ya nusu katika barua kwa L'Hôpital mwaka 1695, na leo tunajua kwamba derivativu ya nusu ya x ni 2√(x/π). Sehemu kwa sehemu, kama kufuli na ufunguo wake. Hoja ni tamu mno, na utamu huo ndio ulionitia shaka.

Nianze na pale inapostahili heshima. Mwaka 1872 Weierstrass alitoa mfano wa funksheni isiyokatika popote lakini isiyo na derivativu hata kwenye nukta moja. Kolwankar na Gangal walionyesha mwaka 1996 kwamba funksheni ya aina hiyo, ikiwa grafu yake ina dimensheni D, inakubali derivativu za sehemu (zile zenye oda isiyo namba kamili) hadi oda ya 2 − D, kisha inagoma. Hapo ukwaruzo wa umbo na oda ya derivativu vimefungamana kweli.

Kwenye mtawanyiko pia kuna ushahidi unaovutia. Mtembeaji wa nasibu, anayechagua kila hatua kwa bahati, kwenye mstari au bamba akitaka kufika mbali mara mbili, anahitaji muda mara 4. Kwenye pembetatu ya Sierpiński anahitaji muda mara 5, kwa sababu njia zimejaa vichochoro vya kumrudisha nyuma. Kwa hiyo wastani wa mraba wa umbali haukui kama t, unakua kama t kwa kipeo cha ln 4/ln 5, yaani karibu 0.861. Chukua mlinganyo wa joto, badilisha derivativu ya muda iwe ya oda 0.861, na utapata kipeo hichohicho. Wengi huishia hapo, wakatangaza ushindi.

Mimi naona shida ndiyo kwanza inaanza. Derivativu ya sehemu kwa muda hubeba kumbukumbu: kujua hali ya sasa hakutoshi, mlinganyo unadai historia yote. Inaeleza vizuri chembe inayonaswa mahali kwa muda usiotabirika, ikaachiliwa, ikanaswa tena. Mtembeaji wetu hanaswi popote. Hakumbuki alikotoka, kinachomchelewesha ni ramani. Mlinganyo mmoja umeweka ucheleweshaji kwenye saa, ilhali uko barabarani. Vipeo vimelingana, lakini hata watu wawili wanaofika kwa kuchelewa si lazima wawe wamecheleweshwa na jambo moja.

Kosa la jamii hiyo liliwahi kuzua mabishano. Nigmatullin alipendekeza mwaka 1992 kwamba seti ya Cantor (mstari unaotolewa theluthi ya katikati, tena na tena) huzaa intigrali ya sehemu, kinyume cha derivativu ya sehemu, ya oda ile ile ya dimensheni yake, na Rutman akampinga. Shida ni kwamba seti ya Cantor ina mdundo wake: kila ukikuza mara 3 inajirudia, hivyo kipeo huambatana na mawimbi madogo. Mawimbi hayo yakifutwa kwa wastani, intigrali ya sehemu inabaki. Ila aliyefuta ni wewe, si umbo.

Upande wa pili, wa wanaoanza na umbo lenyewe, una njia yake. Mwaka 1989 Jun Kigami alijenga opereta ya Laplace, ile inayoendesha mlinganyo wa joto, moja kwa moja juu ya pembetatu ya Sierpiński: linganisha kila nukta na jirani zake, zidisha tofauti kwa vipeo vya 5 kadiri hatua zinavyozidi kuwa fupi, kisha chukua kikomo. Hakuna oda ya sehemu popote. Ile 5 ya mtembeaji inafanya kazi yote. Njia hii ni safi lakini ina bei. Inataka umbo lenye mpangilio kamili, na hata zulia la Sierpiński, ambalo ni mraba uliotobolewa kwa mtindo huohuo, limekuwa gumu kiasi kwamba kipeo chake cha mwendo hakijulikani kwa fomyula kamili. Mwamba wenye vinyweleo haujachorwa na Sierpiński. Mhandisi anayefuatilia rangi ndani yake hatamsubiri Kigami. Mlinganyo wa sehemu wenye vigezo viwili vitatu unamfaa zaidi, na sioni ubaya, mradi asidai ameeleza umbo la mwamba.

Akitaka kujua kama ucheleweshaji ni wa saa au wa barabara, kipimo kipo. Aache chembe zitembee kwa muda mrefu, kisha ndipo aanze kupima umbali zinaosogea. Kama kuna kunaswa kwa aina ile, chembe zilizokaa zaidi zitasogea polepole zaidi kuliko zilizoanza jana. Kwenye njia za Sierpiński hazitazeeka: mwendo utakuwa uleule, saa yoyote utakayoanza kuhesabu.